Mnyama kapandishwa cheo, sisi je?

Ukitaja tu mbele ya watu wa Dar es Salaam kwamba kwenu ni Mtwara, utani unafika kabla salamu hazijaisha. "Samaki nchanga vipi, bado wapo?" Samaki nchanga ni panya wa shambani, na kwetu si jambo la kuficha. Mavuno yakishaisha vijana hufukua mashimo pembezoni mwa shamba, panya wanababuliwa manyoya, wanapasuliwa, wanatolewa matumbo, kisha wanabanikwa kwenye vijiti mpaka mafuta yaanze kuchuruzika motoni. Nimekula, na nikijaliwa nitakula tena. Utani wenyewe sina ugomvi nao, maana anayenitania naye ana lake la kutaniwa. Kinachonikera ni pale sauti inapobadilika, mtu anasema bila kucheka, "Ninyi mnakula kila kitu, ndiyo maana mko hivyo mlivyo." Hapo pameingia kitu kingine, na hicho hakikuzaliwa Kariakoo. Kina vitabu vyake na vyeo vyake, na kiliwahi kushuka bandarini Lindi kikiwa na masanduku.

Nianze mbali kidogo. Mwaka 1735 Msweden Carl Linnaeus alitoa kitabu chembamba cha kupanga viumbe kwa makundi. Alithubutu kumweka binadamu fungu moja na nyani, jambo lililowaudhi watu wa dini wa zama zake, na kwa hilo mimi humheshimu. Lakini binadamu yuleyule akamgawa mafungu manne kwa mabara, na katika toleo la mwaka 1758 kila fungu likapewa tabia yake. Mzungu anatawaliwa na sheria. Mwafrika ni mvivu, mwenye hila, hujipaka mafuta mwilini na hutawaliwa na lolote linalomjia kichwani. Linnaeus hakuwahi kukanyaga Afrika.

Aliyefuata alikuwa na kipaji cha hatari zaidi, kwa sababu alijua kuchora. Petrus Camper, daktari wa Uholanzi, alipasua maiti za watu na za wanyama, akabuni kipimo cha pembe ya uso kuanzia paji hadi meno. Kwa hesabu zake orangutani alipata nyuzi 58, Mwafrika 70, Mzungu 80, na sanamu za Kigiriki zikafika 100. Vichwa hivyo vikapangwa kwa safu kwenye karatasi, nyani mwisho wa huku, sanamu ya mungu wa Kigiriki mwisho wa kule, na Mwafrika katikati lakini upande wa nyani. Camper mwenyewe aliamini kwamba watu wote ni jamii moja na alipinga Waafrika kudharauliwa. Haikusaidia kitu. Watu hawakusoma maelezo, walitazama picha.

Na wapo walioipenda ile picha kwa sababu za mfukoni. Edward Long, aliyekuwa na mashamba ya miwa na watumwa Jamaica, aliandika mwaka 1774 kitabu kinachomsogeza mtu mweusi karibu na orangutani kiasi kwamba msomaji angeona kumfunga nira si dhambi kubwa. Darwin je? Ukoo wake uliuchukia utumwa, na hoja yake kwamba sote tuna asili moja iliwakata maini wengi waliodai kuwa Waafrika ni kiumbe cha aina nyingine. Hata hivyo, katika kitabu chake cha mwaka 1871 kuhusu asili ya binadamu alitabiri kwa utulivu kwamba mataifa yaliyostaarabika yatawafuta na kuchukua nafasi ya "washenzi", na sokwe wakubwa nao wataisha, hivyo pengo kati ya mtu na nyani litakuwa pana kuliko lile la wakati wake, ambalo kwa maneno yake lilikuwa kati ya Mwafrika au mwenyeji wa Australia na gorila. Ilikuwa sentensi ya kupita tu. Wenye bunduki hawakuhitaji zaidi ya hapo.

Karatasi ya Camper haijaoza. Mei 2023, pale Valencia, Vinícius Júnior, mchezaji mweusi wa Real Madrid, alipigiwa sauti za nyani mpaka mchezo ukasimama, na mwaka uliofuata mahakama ya Hispania ikawahukumu mashabiki watatu kifungo cha miezi minane. Mechi hiyo tuliitazama kwenye kibanda umiza, hapa Lindi. Kijana mmoja aliyekuwa ameketi kwenye ndoo nyuma yangu akauliza kwa sauti, "Kwani nyani ukimnyoa, ngozi yake ina rangi gani?" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Baadaye nikatambua kwamba hata yeye jibu lake lilikuwa ni kumsogeza nyani aende kwa jirani Mzungu.

Frederick Douglass alikutana na tabu hiyohiyo. Alizaliwa mtumwa Marekani, akajifunza kusoma kwa kuiba iba, na mwaka 1854 akasimama mbele ya wasomi wa chuo kimoja cha Ohio kuwathibitishia kwamba yeye ni mtu. Akawaeleza kuwa mtu mweusi anaongea, anafikiri, anacheka, anatumaini, na mnyama hafanyi hayo. Hotuba ni nzuri mno, na kuisoma kunaumiza, kwa sababu unamwona mtu mwenye akili kuliko waliomwalika akilazimika kuanza hesabu kutoka sifuri. Njia aliyobakiziwa ilikuwa moja, kuujenga upya ukuta kati ya mtu na mnyama na kuhakikisha safari hii yuko upande wa ndani. Aliyeuweka ukuta hakuulizwa.

Tusijifanye malaika, pwani yetu nayo ilikuwa na ngazi yake. Karne ya 19 Kilwa Kivinje, ambayo leo iko mkoani Lindi, ilikuwa bandari kuu ya watumwa waliotoka pande za Ziwa Nyasa, na misafara mingi iliongozwa na Waafrika wenzao. Waungwana walikaa juu, washenzi wa bara wakakaa chini, na mshenzi alisimuliwa kama mtu wa porini asiyejua nguo wala sala. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini maneno hayafungwi kwa mkataba. Wamakonde wamesemwa hivyo mpaka juzi. Tofauti ninayoiona ni kwamba ngazi ya pwani ilikuwa na mlango. Mshenzi aliweza kusilimu, akavaa kanzu, na wajukuu wake wakawa waungwana wanaowacheka washenzi wengine. Ngazi ya Camper ilichorwa kwenye mfupa, na mfupa hausilimu.

Mfupa ndio uliotuletea wageni. Nikiambiwa nichague mwaka mmoja tu wa kueleza habari hii, nitachagua 1906.

Mwaka huo Wajerumani walikuwa wakiizima Vita ya Maji Maji kusini yote kwa kuchoma maghala na mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria wengi wanakadiria waliokufa kuwa laki mbili hadi tatu. Februari, Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, alinyongwa. Mwaka huohuo Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alishuka Lindi akiwa na kamera, mashine ya kurekodi sauti na hata ya picha zinazotembea, akapanda Masasi na Newala kukusanya vinyago, nyimbo na sura za watu. Mwaka huohuo mhandisi wa madini Bernhard Sattler alikuta mifupa mikubwa ajabu ikichomoza ardhini kilimani Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Na Septemba ya mwaka huohuo, New York, kijana wa Kongo aitwaye Ota Benga aliwekwa kwenye nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx pamoja na orangutani, watu wakalipa nauli kwenda kumtazama. Wachungaji weusi wa mji ule walipinga mpaka akatolewa. Mwaka 1916 alijiua.

Picha za zama za Weule nimezitazama sana. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na ndonya, kile kisahani cha mpingo kwenye mdomo wa juu, na nembo zilizochanjwa mashavuni hadi karibu na masikio. Nilipomfahamu mimi, ndonya alikuwa ameshaiacha na tundu limebaki. Akinywa uji ulikuwa unapenya humo, naye anajifuta kwa pindo la khanga huku akicheka na kutukanya tusimwangalie. Alisema enzi zao msichana asiye na ndonya alionekana mtoto tu. Kwenye picha za kikoloni wanawake kama yeye wamepigwa uso mbele, kisha wakageuzwa ubavu, kama ng'ombe wa mnada anayekaguliwa kabla ya bei. Pozi la ubavu lilikuwa na kazi, maana bila ubavu pembe ya Camper haipimiki.

Kupima huko kulikuwa kazi ya serikali na ya wasomi kwa pamoja. Mwaka 1896, kwenye maonesho ya makoloni pale Treptow, Berlin, watu zaidi ya mia moja waliletwa kutoka makoloni, wakiwemo Waswahili na Wamaasai, wakaishi kwenye vijiji vya bandia mbele ya watazamaji. Felix von Luschan, msomi wa makumbusho ya Berlin, alikwenda na vipimo vyake kuwapima. Wengine walikataa kuvuliwa nguo. Luschan huyohuyo ndiye aliyekusanya maelfu ya mafuvu ya binadamu huko Berlin, mengine yakitumwa na maofisa wa jeshi na madaktari walioko makoloni. Mwaka 2023 taasisi inayoyahifadhi sasa ilitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu yapatayo 1,100 ya Afrika Mashariki: mengi ni ya Rwanda, na 202 ni ya Tanzania. Ukoo wa Songea Mbano unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na bado unakitafuta.

Wakati vichwa vinapakiwa, na mijusi mikubwa ya kale, yaani dinosaria, nayo ilikuwa inapakiwa. Kati ya mwaka 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yalichimba Tendaguru kwa mikono ya mamia ya watu wa huku. Ni watu waliotoka kwenye njaa ya Maji Maji miaka michache tu nyuma. Mifupa ilipakwa plasta na udongo, ikafungwa kwa mianzi, ikabebwa kichwani na mabegani mwendo wa siku nne hadi bandarini Lindi. Jumla yake ilizidi tani 200. Aliyesimamia wachimbaji, aliyejua kuutoa mfupa wa miaka milioni 150 kwenye udongo bila kuuvunja, alikuwa Boheti bin Amrani. Wageni wenyewe walimwandika kwa sifa.

Sasa angalia majina, maana hapo ndipo hesabu inapoonekana. Mjusi mmoja mdogo wa Tendaguru alipewa jina la Lettow-Vorbeck, jenerali wa Kijerumani aliyeongoza vita ya 1914 hadi 1918 katika nchi hii kwa migongo ya wapagazi, na jina hilo lilitolewa vita ikiwa haijapoa. Jina la Boheti liliingia kwenye orodha ya kisayansi mwaka 2007, mjusi mwingine alipoitwa Australodocus bohetii. Karibu miaka mia moja.

Hapa ndipo ninapotaka kusema nilichokuja kusema. Kwa muda mrefu mtu mweusi na mnyama waliwekwa chumba kimoja, na wote wawili waliumia humo. Kisha mnyama akaanza kupandishwa cheo. Mwaka 1896 serikali ya Kijerumani ilitoa sheria ya uwindaji katika koloni hili, na mwaka 1900 wakubwa wa Ulaya walikutana London kutia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Nyavu na mashimo ya kutegea, yaani namna wenyeji walivyowinda, vikawekewa vikwazo. Bunduki yenye leseni ikabaki halali. Tangu hapo mwenye bunduki ni mwindaji na mwenye wavu ni jangili, hata kama wote wamemuua pofu yuleyule. Mnyama akapata wakili. Aliyekuwa naye chumbani hakupanda naye.

Liwale ni ushahidi tosha. Maji Maji ilipokwisha, vijiji vingi vya pande zile vilikuwa magofu, pori likarudi, na ndorobo na tembo wakarudi nalo. Miaka ya 1940, kwa hoja ya malale na ya tembo wanaokula mazao, waliosalia magharibi ya Liwale walihamishwa, na ardhi yao ikaunganishwa na pori la akiba. Aliyelisukuma sana jambo hilo ni ofisa wanyamapori Mwingereza C. J. P. Ionides, ambaye wazee wa Liwale na Newala wanamkumbuka zaidi kwa kukamata nyoka. Pori hilo tayari lilikuwa likiitwa Selous, jina la mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa kwa risasi Beho Beho, Januari 1917. Mwaka 2019 sehemu kubwa ikafanywa Hifadhi ya Taifa Nyerere, na hilo nililifurahia. Lakini waliohamishwa hawakupewa hata kibao. Mtalii akiingia anaambiwa hapa hapajawahi kukaliwa na mtu, naye anaamini, kwa sababu ndivyo alivyotaka kuambiwa.

Simba nao wana sura yao katika habari hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu Watanzania 563 na zaidi waliouawa na simba tangu mwaka 1990, na mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa palipoathirika zaidi. Sababu yake si ya ajabu. Swala wamepungua, nguruwe pori wamejaa, nguruwe anafuata mahindi na mihogo, simba anafuata nguruwe, na kati yao kuna mkulima amelala kwenye dungu lenye kuta za makuti akilinda shamba lake msimu wa mavuno. Hao 563 sikumbuki kama dunia ilisimama kwa ajili yao. Julai 2015 simba mmoja wa Zimbabwe aitwaye Cecil aliuawa na daktari wa meno wa Marekani, na dunia ikalia kwa wiki kadhaa. Sisemi Cecil alistahili kufa. Nasema alikuwa na jina, na aliyeliwa Lindi alikuwa "mwanakijiji".

Vijijini kwetu maelezo ya simba mla watu hayaishii kwenye nguruwe. Kuna simba wa porini na kuna simba wa kutumwa, simba ambaye ni mtu au wa mtu, na mzee mmoja wa Lindi vijijini aliwahi kuniambia, "Mwanangu, simba wa Mungu anaogopa moto. Huyu anagonga mlango." Wasomi wa ng'ambo hupenda sana simulizi hizi. Wanaona kwamba hapa ukuta kati ya mtu na mnyama haukujengwa kama kwao, na wanataka kutuvisha koja kwa hilo. Mimi siwezi kuwapa raha hiyo nzima. Mwaka 2002 na 2003, ng'ambo ya Ruvuma katika wilaya ya Muidumbe, Msumbiji, simba waliua watu, na watu nao wakawaua wenzao waliodhaniwa kuwa ndio wenye simba. Ukuta usipokuwepo, mwenye macho mekundu na asiye na watoto wa kumtetea ndiye anayegeuzwa mnyama. Hatukuhitaji Camper kwa hilo.

Sasa turudi Berlin, maana huko kuna madai. Yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, Giraffatitan, alisimamishwa kwenye ukumbi wa makumbusho mwaka 1937, na ana urefu wa mita 13 na ushee kwenda juu. Bungeni Dodoma ameulizwa zaidi ya mara moja. Watu wa Lindi wanamtaka, au wanataka sehemu ya kinachoingizwa na viingilio, na siwezi kuwashangaa, barabara ya kwenda Tendaguru wakati wa masika unaijua mwenyewe. Lakini nimeketi kwenye mazungumzo ya aina hii mengi, vijiweni na kwenye kumbi zenye viti vya plastiki, na kila mara mjusi anapigiwa mahesabu ya watalii huku yale mafuvu 202 yakipita bila kutajwa. Hata sisi wenyewe tumeshamzoea mnyama kuwa na cheo.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, akawaomba msamaha wajukuu wa waliopigana Maji Maji na kuahidi kusaidia kutafuta mabaki yao. Utafutaji wa vinasaba mwaka huohuo ulikuwa umeshapata ndugu wa baadhi ya mafuvu, kule Kilimanjaro. Kwa hiyo inawezekana. Mimi ningetaka orodha hiyo ishuke mpaka Lindi na Mtwara, kila fuvu lenye maandishi ya mahali lilipotoka lisomwe kwenye kata husika, wazee waulizwe, na wanaotaka kupimwa damu wapimwe bila kulipia nauli. Diwani mmoja niliyemweleza alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama hayo yanaweza kuunganishwa na andiko la mradi wa mjusi, kwa sababu la mjusi tayari lina kasma.